Hakuna Kitufe cha Kujibu

Kazi yangu ilikuwa kufa. Nilianza asubuhi, Fundi Sauti akishamaliza chai yake, nikafa hadi mchana, tukapumzika, kisha nikarudi nikafa kwa upanga, kwa mshale, kwa kutumbukia shimoni na kwa kuchomwa na moto wa kichawi, ambao ofisini walinieleza kuwa unauma kuliko moto wa kawaida kwa sababu ni wa bluu.

Chumba cha kurekodia hapo zamani kilikuwa stoo ya vifaa vya usafi. Kuta walizifunika kwa magodoro yaliyopasuliwa, na kila ukivuta pumzi ili upige yowe, unavuta na harufu ya sabuni ya kudekia. Upande wa pili wa kioo aliketi Fundi Sauti, mtu mzima mpole, hedifoni masikioni na kabichi mbele yake. Kabichi ile ndiyo iliyokuwa shingo yangu. Nikilia, yeye anaitia kisu karibu na maikrofoni, na hapo shujaa ameniua.

"Dada, hebu kufa tena," alisema. "Hapo umekufa kama mtu."

"Nife kama nani?"

"Kama Gurumo."

Jioni alinipa ile kabichi nikapike. Ofisi haikuwa na haja nayo tena, na yeye nyumbani kwake walikwisha kugoma kuila.

Naomba ieleweke kwamba mimi sikuomba kazi ya kufa. Niliomba kazi ya Msimuliaji. Kampuni ile ilikuwa inatengeneza mchezo wa kompyuta wa Kiswahili kitupu: unachagua kabila lako, unapewa upanga, unasafiri katika nchi ya kubuni yenye wachawi na mapango, na kila unapofika kuna sauti inakusimulia ulipo. Sauti hiyo ndiyo niliyoitaka. Nina stashahada ya utangazaji, na tangu niipate nilikuwa natangaza ndani ya duka kubwa la ghorofa mbili: punguzo la sabuni, na watoto waliopotezana na mama zao. Kiswahili changu kilikuwa kinachakaa kwenye sabuni. Nilitaka kisimulie kitu.

Siku ya usaili nilisoma ukurasa wa Malkia akiukimbia mji unaoungua. Nilipomaliza, ikagundulika kuwa Fundi Sauti hakubonyeza kitufe cha kurekodi. Alisema amesahau, alikuwa anasikiliza. Bosi, mtu wa shati lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama yenyewe, alipiga makofi peke yake.

"Kimenyooka hicho Kiswahili," alisema. "Kwenu wapi, dada?"

"Miambani."

"Kule miambani kabisa?"

"Kabisa."

"Aaa."

Aaa hiyo naijua. Watu wa miambani tunafahamika. Tuna shingo nene, tuna hasira za karibu, tunakula kama tunahamishwa kesho, na ukitueleza jambo sharti ulieleze mara mbili. Ukipotelewa na ndoo, unaanza kwa kumuuliza wa miambani. Bosi hakusema hata moja kati ya hayo, nami namsifu kwa malezi yake. Alisema tu, "Una koo zuri sana," akaandika kitu.

Nikapewa Magurumo. Magurumo ndio mazimwi wa mchezo ule, nami nikapewa wote, wa kike, wa kiume, wakubwa na wachanga. Nafasi ya Msimuliaji akapewa Shemeji, yaani mdogo wa mke wa Bosi, aliyesoma ukurasa ule ule wa mji unaoungua kama mtu anayesoma maelezo ya dawa ya kikohozi.

"Lakini hatujafunga mlango," Bosi aliniambia. "Nitendee haki kwenye Magurumo, halafu nitakusikiliza tena. Msimuliaji anaweza kuwa wewe."

Nikaenda nyumbani nikamwambia Mama nimepata kazi ya kusimulia. Sikusema uongo. Nilisema mapema.

Mama naye akawaambia majirani wa jengo zima, na hilo halikuwa jambo dogo, kwa sababu Mama alikuwa hazungumzi na majirani. Aliacha siku ile alipouliza bei ya ndoo kwenye duka la chini, na waliokuwa kwenye foleni wakamwigiza, r zake nzito na shingo yake, hadi muuzaji mwenyewe akacheka akasahau kumjibu. Tangu hapo alikuwa anasalimia kwa kichwa. Sasa nikamwona anapanda na kushuka ngazi, anagonga milango, anawaambia watu kwa r zile zile kwamba binti yake atasimulia, wakae tayari.

Mtunzi wa mchezo alikuwa kijana mwembamba mwenye adabu, aliyesoma vitabu vya mazimwi tangu utotoni akavipenda kwa moyo wake wote. Siku yangu ya kwanza alinikalisha mbele ya jedwali la makabila ili nimfahamu mhusika wangu. Binadamu: akili saba, nguvu tano, anaweza kuwa chochote apendacho. Mnyange: akili tisa, mrefu, ngozi ya mwezi, nywele zinapepea hata ndani ya nyumba. Gurumo: akili mbili, nguvu kumi, harufu kumi, mkali tangu kuzaliwa, ngozi nyeusi ya kutisha.

Niliutazama mkono wangu juu ya jedwali. Nikautazama na wake, uliokuwa kando ya wangu. Mtunzi akauondoa wake, akasogeza kikombe ambacho hakikuwa na shida mahali kilipokuwa.

"Huyu anakula nini?" niliuliza.

"Watu."

"Na siku ambayo watu hawakupita?"

Alifikiri. "Siku hiyo haimo."

"Ana watoto?"

"Wapo vitoto vya Gurumo. Kila kimoja kina alama tano."

"Alama za nani?"

"Za shujaa. Akikiua."

"Akizaliwa Gurumo mmoja akapenda kusoma?"

"Haiwezekani, dada. Akili ikizidi mbili kompyuta inakataa." Alisema kwa upole, kama karani anayekueleza utaratibu ambao hakuuweka yeye. "Kila kabila lina asili yake. Kwenye vitabu vyote ndivyo ilivyo."

"Na wanaishi pangoni."

"Ndiyo."

"Halafu shujaa anaingia pangoni kwao."

"Kuwalipizia kisasi watu wa kijijini."

"Hao wa kijijini walifanywa nini?"

"Hapo tulipapunguza," alisema. "Hadithi ilikuwa inarefuka."

Nikatikisa kichwa kumwonyesha nimeelewa. Akapata moyo. "Usije ukalichukulia vibaya, dada. Ni viumbe vya kubuni. Hatukumkusudia mtu yeyote."

"Nani kasema mmemkusudia mtu?"

"Hakuna."

"Basi."

Tatizo lilikuja kwenye lugha. Magurumo walitakiwa wawe na lugha yao wenyewe, ya kutisha, na Mtunzi alikuwa amewatungia maneno matatu: gra, gru na ghu. Niliguruma gra na gru asubuhi nzima. Mwishowe Fundi Sauti akavua hedifoni, akasema hilo si zimwi, hilo ni gari lililokataa kuwaka. Akaitwa Bosi. Bosi akasikiliza akiwa amefumba macho, akakubaliana na gari. Kisha akafumbua macho, akanitazama mimi.

"Wewe si una kilugha cha kwenu?"

"Ninacho."

"Kile kinakwaruza vizuri. Tumia hicho."

"Niseme nini?"

"Chochote. Nani ataelewa? Kikali kikali tu, kitoke kooni."

"Chochote?"

"Dada, chochote."

Alikwisha kunieleza mara mbili, kwa hiyo nikaelewa.

Nilirudi kati ya magodoro nikagundua jambo. Kiswahili changu mimi ni cha kila mahali: cha shule, cha ofisi, cha kuombea kazi, cha kumwambia mtu ukweli wake mpaka atafute pa kukaa. Kilugha chetu ninacho cha ndani tu. Nilikipata kwa Mama, kati ya jiko na mlango, na Mama hakuwahi kumtukana mtu nikiwa karibu. Ukiniambia nitishe kwa lugha ile, sina cha kutishia. Nina vyombo, nina chakula, nina wageni.

Taa nyekundu ikawaka. Shujaa anaingia pangoni, Gurumo anamwona kwa mara ya kwanza. Nikakaza koo nikaguruma, kwa kilugha: "Karibu mgeni! Vua viatu, nimepiga deki sasa hivi!"

"Mama yangu," alisema Fundi Sauti. "Vinyweleo vimenisimama. Tupe nyingine."

Gurumo anashambulia: "Umekula? Hujala wewe, hebu kaa!" Gurumo amejeruhiwa: "Nani kaacha mlango wazi?" Gurumo mkuu mwenye shoka, ambaye Mtunzi alimpa jina la Mla Mifupa: "Mbona umekonda hivyo? Mama yako hajambo?" Vitoto vya Gurumo, ambavyo nilivifanya kwa koo la juu juu: "Mama, kuna mgeni! Mama, kuna mgeni!" Na pumzi ya mwisho, ile ya kabichi: "Chakula nimekifunika, kipo jikoni."

Bosi alisikiliza zote kwa mfululizo. Zilipokwisha akamshika Mtunzi bega.

"Unaisikia hiyo chuki?" alimwambia. "Hiyo haifundishwi. Hiyo imo kwenye damu."

Nyumbani tulikuwa tunakula kabichi tu. Tuliishi watatu: mimi, Mama, na wifi yangu, mke wa kaka yangu ambaye kazi imemweka mbali. Wifi anatengeneza kadi za mialiko kwenye kompyuta pale sebuleni, na ulimi wake hauna breki.

"Hao watu wa kazini kwako," Mama aliniuliza akiigeuza kabichi, "mbona wanaikata hivi? Kama walikuwa na ugomvi nayo."

"Ni ya ofisi, Mama."

"Labda ndiyo wanayoisimulia," alisema Wifi. "Hapo zamani za kabichi."

"Utasikika lini?" Mama hakumjali.

"Karibuni."

"Maana yule wa ghorofa ya juu alitaka kusafiri. Nimemwambia asubiri."

Wifi akanitazama juu ya sahani. Yeye si wa miambani, lakini ana macho. Akaniongezea kabichi.

Siku ya kuujaribu mchezo Bosi alialika watu wa nje waje waucheze palepale ofisini: wanafunzi wawili wa chuo, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na afisa wa bima mwenye tai. Mimi niliwekwa kiti cha nyuma. Jioni yake, wageni wakiondoka, ningesoma tena kwa ajili ya Msimuliaji. Bosi aliniahidi hivyo mbele ya Fundi Sauti na Mtunzi, na nilikuwa nimekunywa maji ya moto tangu alfajiri ili koo lilainike.

Sauti ya Shemeji iliwafikisha wachezaji mlangoni pa pango salama, ingawa mwalimu wa hesabu alisinzia kidogo njiani. Wakachomoa panga. Wanafunzi waliingia wakafyeka, vitoto na vyote, wakagongana viganja. Mwalimu aliua mmoja, akaonekana kuridhika na hesabu yake. Afisa wa bima naye akaingia, Gurumo akanguruma, na afisa wa bima akasimama.

Alisimama tu. Gurumo naye akasimama, kwa sababu mwenye akili mbili hajui kuanza ugomvi. Mtunzi alimpanga arudishe akipigwa, basi. Wakatazamana. Gurumo akanguruma tena. Afisa wa bima akaurudisha upanga alani.

"Kuna tatizo, bwana?" Bosi aliuliza.

"Anasema nivue viatu."

"Nani?"

"Huyu hapa. Anasema amepiga deki." Akainama juu ya vitufe akivichunguza kimoja kimoja. "Cha kuvua viatu ni kipi?"

Wanafunzi wakaacha vitufe vyao.

"Wewe umejuaje anachosema?" aliuliza mwanafunzi mmoja.

Afisa wa bima akaishika tai yake. Ilikuwa tai nzuri, na Kiswahili chake, tangu alipoingia, hakikuwa na hata kokoto moja. "Ni lugha ya kwetu," alisema.

"Kumbe wewe wa miambani! Wallahi hufanani!"

"Asante," alijibu, kwa sauti ya mtu ambaye amekwisha kushukuru hivyo maisha yake yote.

Wakamzunguka. Walitaka awafasirie, naye akawafasiria, kwanza kwa shingo upande, kisha kwa uaminifu wa mtu wa bima anayejaza madai ya ajali.

"Huyu mwenye shoka anauliza kwa nini nimekonda. Anauliza pia mama yangu hajambo."

"Na vile vitoto?" aliuliza mwalimu.

"Vinamwita mama yao. Vinasema kuna mgeni."

"Na wangu mimi, niliyemuua? Alisema neno mwishoni, nikadhani ni laana."

"Alisema chakula kipo jikoni."

"Cha nani?"

"Chako, nadhani."

Mwalimu akaondoa mkono kwenye kompyuta, akaupangusa kwenye suruali. Wanafunzi walijaribu kuendelea, lakini mmoja alifika mlango wa pango la pili akagoma. "Mimi sijalelewa hivi," alimwambia mwenzake. "Tumeingia kwa watu hata hodi hatujabisha."

"Ni mazimwi!" alisema Bosi.

"Sawa, Bosi, lakini ameniuliza kama nimekula. Nimjibu wapi?"

Wote wakamgeukia Mtunzi.

"Hakuna kitufe cha kujibu," alisema Mtunzi. Masikio yalikuwa yamemwiva. "Kuna cha upanga, cha mshale na cha moto."

"Wa bluu," alisaidia Fundi Sauti.

Mchana wote walibaki mlangoni pa pango. Malkia aliungua na mji wake, hakuna aliyefika kumwokoa. Wakati wa kuondoka afisa wa bima alipita karibu na kiti changu, akapunguza mwendo, akaniambia kwa kilugha, bila kugeuza kichwa, "Tumekula, asante." Akaenda zake.

Bosi aliniita ofisini kwake. Mtunzi alikuwepo, na Fundi Sauti, aliyekuja na kabichi yake kwa sababu hakuna aliyemwambia aiache.

"Umenifanyia nini?" Bosi aliuliza.

"Uliniambia chochote."

"Nilidhani utasema mambo ya... ya kwenu!"

"Ndiyo ya kwetu."

Alipitisha mkono usoni. Bosi si mtu wa kukaa na hasira, ana biashara ya kuendesha. Akanipangia mambo kwa utulivu. Sauti zangu za Magurumo zifutwe. Fundi Sauti atasukutua maji karibu na maikrofoni, itatosha. Shemeji wageni wamemlalamikia, tena kwa maneno mazito. Kwa hiyo nafasi ya Msimuliaji ni yangu, kuanzia jioni hiyo, jina langu likitangulia mengine yote mwishoni mwa mchezo.

Nilifurahi, sina sababu ya kuficha. Nilimwona Mama akigonga milango.

"Kuna ukurasa mpya mmoja," Mtunzi alisema, akanipa karatasi bila kunitazama. Alikuwa ameuandika saa ile ile, wageni wakiaga. "Utasomwa mlangoni pa pango. Ili mchezaji asichanganyikiwe. Akishaambiwa na Msimuliaji, ataingia bila mawazo."

Nikasoma kimoyomoyo. *Hapa ndipo wanapojificha Magurumo, kabila lisilo na akili wala haya. Gurumo hamjui mama wala mgeni. Huzaliwa hivyo na hufa hivyo. Usimhurumie.*

Maandishi yalikuwa mazuri. Mtunzi anaijua kazi yake, sentensi zake fupi zinatembea. Nilijua kabisa ningezisomaje: taratibu, sauti chini, pumzi baada ya "mgeni". Ingekuwa sauti ya kuaminika. Watu wangeiamini.

"Twende," alisema Bosi.

Niliingia kati ya magodoro. Taa nyekundu ikawaka. Nikaanza na ukurasa wa Malkia, neno kwa neno, sikubadilisha hata nukta. Nilichobadilisha ni koo. Nilisoma kwa lafudhi ya Mama, r zake zote zikiwa mahali pake, kama anavyoongea akiwa nyumbani na hakuna foleni nyuma yake. Malkia akapita motoni kwa lafudhi ya miambani, ameshika taji lake, na nakuambia hakupungukiwa na umalkia hata kidogo.

"Simama, simama," Bosi alikuja kwenye kioo. "Hiyo si sauti ya Msimuliaji."

"Ni ya nani?"

"Dada, unajua."

"Sijui. Nieleze mara mbili."

Akamtazama Mtunzi. Mtunzi akaitazama kabichi.

"Ni ya Magurumo," Bosi alisema.

"Magurumo ni wa kubuni," nilisema kwenye maikrofoni. "Hamkumkusudia mtu."

Nilisikia sauti yangu ikirudi kwenye hedifoni, safi, bila mwangwi. Ng'ambo ya kioo watu watatu walitazamana. Nao hawakuwa na kitufe.

"Soma kama siku ile," Bosi alisema baadaye, karibu kunibembeleza. "Ile iliyonyooka. Tafadhali."

"Nitaisoma iliyonyooka, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Huu mpya utoke."

"Huu ukitoka, pango litanifia."

"Basi mpe Shemeji."

Ningependa kusema kwamba kazi ile sikuitaka tena. Niliitaka. Niliitaka wakati navua hedifoni, nikaitaka kwenye ngazi, nikaitaka mpaka mlango wa nje, ambako Fundi Sauti alinikuta akihema, kabichi kwapani.

"Nimeambiwa nifute sauti zako zote," alisema. "Nimefuta. Za ofisini." Akanitia flashi mkononi, na kabichi juu yake. "Humo umo mchezo kama ulivyokuwa leo asubuhi. Hii ndiyo ya mwisho, naanza maji kesho."

Mama alikuwa amevaa gauni la kutokea, ingawa alikuwa anatoka chumbani kuja sebuleni tu. Nilimwambia kabla hajakaa.

"Mama, Msimuliaji sikupata. Nimekuwa zimwi."

"Zimwi la wapi?"

"La kwetu."

Alikaa akaweka mikono magotini. "Tusikie."

Wifi akachomeka flashi, akasogeza kadi za mialiko pembeni, akachagua Mnyange kwa ajili ya nywele. Shemeji akaanza kusimulia.

"Huyu anasoma maelezo ya dawa?" Mama aliuliza.

"Ndiye Msimuliaji."

"Pole yake."

Tulivuka misitu. Wifi aliua nyoka wawili na kichaka kimoja. Tukafika pangoni, Mnyange akaingia na upanga wake, na kutoka gizani nikanguruma: *Karibu mgeni! Vua viatu, nimepiga deki sasa hivi!*

Mama akanyooka. Alinitazama mimi, akakitazama kioo cha kompyuta, akanitazama tena. Mla Mifupa akajitokeza na shoka lake, shingo nene kama nguzo, akaangusha kivuli juu ya Mnyange. *Mbona umekonda hivyo?* niliguruma. *Mama yako hajambo?*

"Hajambo," Mama alimjibu, kwa kilugha, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Yupo hapa, amekaa."

Wifi alikuwa ameshika kitufe cha upanga. "Nimpige, Mama?"

"Umpige nani? Hao si ndio wenye nyumba?"

"Ndio."

"Na huyu mwenye upanga?"

"Huyu ndiye shujaa."

"Shujaa gani anaingia kwa watu bila hodi? Mwambie avue viatu."

"Hakuna kitufe cha viatu, Mama."

"Basi akae nje."

Wifi akamgeuza Mnyange, akamtoa pangoni, akamsimamisha mlangoni. Mama aliniomba nimrudishie ile ya mama yako hajambo, lakini akasema ningoje kwanza. Akainuka, akanyoosha gauni, akafungua mlango, na nikamsikia akipanda ngazi, akigonga ghorofa ya juu, akiita kwa r zake zote kwamba tayari, binti amesikika, shukeni haraka.

Wifi aliinusa kabichi akaipeleka jikoni. Mnyange, mwenye akili tisa, alibaki nje, nywele zikimpepea, mpaka tulipozima kompyuta.